Sura ya Nne: Upepo Ndani ya Basi

Kitu alichokitoa mzamiaji chini ya gati hakikuwa mtu. Kilikuwa turubai la mashua, jeusi na lililooza, na lilipobwagwa juu ya mbao likavimwagia maji machafu viatu vya Inspekta Dosta Bojkoska. Dosta hakusogea. Alikuwa amebana pumzi tangu kamba ilipoanza kuvutwa, na sasa akaishusha yote kwa mkupuo mmoja.

"Viatu vyako, Afande," mzamiaji akasema.

"Viatu vipo madukani. Una hakika hakuna kingine?"

"Nimepapasa jiwe kwa jiwe. Maji haya ukidondosha sindano unaiona. Kama kuna bibi ziwani, hapa hakuingilia."

"Basi toka ukanywe kitu cha moto. Midomo imekuwa ya bluu."

Watu waliojazana ukingoni wakaanza kutawanyika, wengine wamefurahi, wengine, tuseme ukweli, wamenuna kidogo kwa kukosa cha kusimulia. Ohrid ni mji mdogo, na Oktoba watalii wakishapungua hakuna mambo mengi ya kutazama.

Jina la Dosta, kwa lugha ya kwetu, ni sawa na kusema "yatosha". Baba yake alimpa jina hilo baada ya kupata mabinti mfululizo, akitumaini huko juu watamsikia. Huko juu walimsikia vizuri mno: hakuja tena mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume. Dosta alikua na jina lake bila kinyongo, akaingia polisi, na kwa miaka mingi amezoea washukiwa kucheka anapojitambulisha. Wakishacheka huwa wanazungumza.

Aliyepotea alikuwa Bibi Vasilka Šurbanoska, mjane wa Skopje, mwenye moyo mbovu na ulimi mzima. Jana yake alipanda basi la matembezi pamoja na wastaafu wenzake kuzungushwa milimani na maziwani: walilala Bitola, leo asubuhi wakateremka Ziwa Prespa, wakala samaki katika kijiji cha Rakitnica, wakauvuka mlima Galičica kuja huku Ohrid kupanda mashua. Hapa gatini mwongozaji alihesabu watu wake, akakuta mmoja hayupo. Mkoba wa bibi ulikuwa kwenye kiti, na ndani ya mkoba ilikuwemo chupa ya matone ya moyo. Halafu mtu akaona kitu cheusi kinacheza majini chini ya gati, akapiga ukelele. Ndivyo Dosta alivyoitwa.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ni Sotir, mtoto wa bibi, anapiga kutoka Skopje kwa mara nyingine.

"Mmemtoa?"

"Tumetoa turubai. Mama yako hayumo, Bwana Sotir. Vuta pumzi."

Upande wa pili ikasikika pumzi ya mtu mzima anayejizuia kulia. "Sasa yuko wapi? Matone yake ni ya asubuhi na jioni. Daktari alishasema, ya jioni yasikose hata siku moja. Yasikose! Na huyo msichana aliyempoteza bado anatembea tu hapo? Nimeongea na mkuu wako."

"Najua. Ameniambia."

Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa amri: ikifika jioni bibi hajapatikana, mwongozaji alale ndani. Dosta alilitazama jua. Lilikuwa limeshaanza kuinamia upande wa Albania.

Mwongozaji aliitwa Lenka. Alikuwa ameketi kwenye benchi la gati, bado ameshika kile kijibendera chake cha njano ambacho watalii hukifuata, amekikunja mpaka kimekuwa kitambaa cha kufutia machozi.

"Turubai," Dosta akamwambia, akaketi kando yake. "Turubai la mashua tu."

Lenka akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Dosta alimwacha alie mpaka atosheke.

"Haya. Nieleze ulivyohesabu."

"Nilihesabu vizuri, Afande, naapa. Baada ya chakula kule Rakitnica nilihesabu, wote wapo. Kileleni, pale tunaposimama watu wapige picha za maziwa yote mawili, nilihesabu tena. Wote wapo! Kwa hiyo amepotea huku chini, tulipoingia mjini."

"Bibi Vasilka ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Alikuwa amehamia nyuma kabisa, amejifunika shali mpaka kichwani, amelala."

"Uso wake je?"

Lenka akafikiri. "Shali nililiona. Uso… nani angemfunua? Asubuhi yote ametutesa na upepo. Nikasema afadhali amelala, tupumzike."

Hapo inafaa kuwa mtu wa kwetu ili uelewe. Sisi hatuogopi theluji, hatuogopi dubu, na kodi tunaikwepa, lakini upepo wa kupenya unatutia kiwewe. Dirisha moja likiwa wazi mbele na jingine nyuma, hewa ikipita katikati, basi shingo itakakamaa, figo zitaingia baridi, meno yatauma, na mtu wa makamo anaweza kuzikwa. Madaktari wetu wenyewe huamini hivyo wakiwa nyumbani kwao. Kwa hiyo ukimwona bibi ndani ya basi amejiviringisha shali kichwani, humsemeshi. Unajua anapigana na upepo, unamwacha na vita vyake.

"Twende kwenye basi," Dosta akasema. "Na waite watu wako wote. Nataka kila mtu akae pale alipokuwa amekaa baada ya chakula. Asihame mtu hata kiti kimoja."

Wastaafu walipanda wakinung'unika, mmoja mguu unamuuma, mwingine anauliza kama mashua bado ipo. Dereva, mtu mnene aitwaye Blagun, alibaki nje akifuta kioo kilichokuwa safi tayari. Dosta alimwona, akamwacha kwanza.

Alianza na jirani wa bibi, Mama Paraskeva, aliyekuwa muuza duka la vitambaa, ambaye sasa alikuwa ameupakata mkoba wa Vasilka kama mtoto wa watu.

"Hebu nieleze, mama. Mlipoondoka Bitola alikuwa na nini mkononi?"

"Mkoba huu. Na chupa yake."

"Ya matone?"

"Matone gani! Chupa ya ajvar. Pilipili hoho kazichoma mwenyewe, kazimenya mwenyewe, kazisaga mwenyewe, maana ya dukani anasema ni rangi na maji. Ameifunga kwa gazeti, ameipakata tangu Skopje. Nikamwambia, Vasilka, iweke juu huko, akaniambia, weka wewe kichwa chako huko."

Dosta akaufungua mkoba. Kulikuwa na simu, kitana, leso, matone ya moyo, peremende. Akainama chini ya kiti. Akapapasa kwenye rafu ya juu.

"Chupa haipo."

"Haipo?" Paraskeva akainuka nusu. "Ataivunja!"

"Mama, nisikilize. Mtu ameacha simu, ameacha dawa, amechukua ajvar. Wewe ungechukua ajvar ukiwa unakwenda wapi?"

Paraskeva akamtazama kama anaulizwa kama maji yana unyevu. "Kwa mtu. Nyumbani kwa mtu. Utaenda mikono mitupu?"

Dosta akaufunga mkoba. Anayekwenda kujitosa ziwani habebi ajvar. Wala anayetekwa hapewi nafasi ya kuchagua mzigo. Bibi huyu alikuwa amekwenda kumtembelea mtu, kwa miguu yake mwenyewe, na zawadi mkononi. Kilichobaki ni kujua alishukia wapi.

Alitembea mpaka nyuma ya basi, kwenye kiti kile kirefu cha mwisho. "Hapa ndipo alipolala baada ya chakula?"

"Hapo hapo," zikajibu sauti tatu nne kwa pamoja.

Dosta akaketi. Ubaridi ukamgusa utosini. Akainua macho, akaona kidirisha cha paa kimesukumwa juu mpaka mwisho, na mbingu ya Oktoba inamtazama kupitia hapo.

"Hiki kidirisha amekifungua nani?"

Mkono ukanyanyuliwa kwa fahari safu mbili mbele yake. Ulikuwa wa Mzee Gligor, aliyekuwa mwalimu wa michezo, mwenye shati la mikono mifupi wakati wenzake wote wamevaa sweta.

"Mimi. Na sijutii. Asubuhi yote nafungua, yule mama anafunga. Nafungua, anafunga. Mpaka akaniita muuaji mbele za watu! Mimi, niliyefundisha watoto kuogelea! Tulipotoka kula nikakisukuma mpaka mwisho, nikasema leo potelea mbali, aje anipige."

"Akaja?"

"Thubutu! Alikaa pale pale chini yake, kimya kama maji mtungini. Mlima mzima! Kule kileleni upepo unaingia unavuma, mimi mwenyewe nikavaa kofia, yeye wala hakutikisika." Gligor akawageukia wenzake. "Si mliona? Nilimshinda."

Basi zima likacheka. Dosta naye alicheka, lakini kwa sababu yake mwenyewe, na alipomaliza kucheka alikuwa ameshasimama.

"Hukumshinda, Mzee Gligor. Hakuwepo."

Kicheko kikakatika.

"Asubuhi yote mama huyu anapigania kidirisha kikiwa mbali naye," Dosta akasema. "Halafu baada ya chakula aende mwenyewe kukaa chini yake, kikiwa wazi, auvuke Galičica hivyo bila kusema neno? Mama Paraskeva, wewe unamjua. Inawezekana?"

"Labda awe maiti," Paraskeva akasema, akajishika mdomo.

"Au awe mtu mwingine. Aliyelala hapa alikuwa mtu mwingine. Bibi Vasilka hakupanda tena basi hili mlipotoka Rakitnica."

Lenka, aliyesimama kwenye ngazi ya mbele, akakiinua kijibendera chake. "Lakini hesabu ilitimia!"

"Ilitimia kwa sababu mmoja alipungua na mmoja aliongezeka. Huyo aliyeongezeka hakuingilia mlango wako, ungemwona." Dosta akageuka taratibu, akatazama mlango wa nyuma, kisha akatazama dirishani, ambako Blagun alikuwa bado anafuta kioo kile kile. "Nitarudi sasa hivi."

Nje, dereva alimwona anakuja, akaanza kukikunja kitambaa chake kwa makini makubwa.

"Blagun, kioo hicho kitatoboka."

"Vumbi, Afande. Barabara ya mlimani ina vumbi."

"Mlango wa nyuma unafunguliwa na nani?"

"Mimi. Kuna kitufe."

"Rakitnica ulimfungulia nani?"

Blagun akatazama ziwa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na hali ya hewa haikuwa ya jasho. "Sielewi swali."

"Nitakurahisishia. Yule mwongozaji wako atalala ndani leo. Ana mama yake nyumbani, sijui kama unamfahamu."

"Ndani? Lenka?" Macho yakamtoka. "Kwa kosa gani?"

"Kwa kupoteza mtu. Mpaka apatikane atakayeniambia vingine."

Blagun akakitupa kitambaa juu ya bampa. "Afande, nitamwaga unga. Kampuni imekataza kubeba watu wa njiani, nimeshaonywa. Lakini wewe ni mtu wa hapa! Mwanamke kasimama barabarani na kifurushi, binti yake anajifungua Ohrid, basi la vijijini halipiti mpaka kesho. Nimpite? Nimpungie mkono? Hata mama yangu asingenisamehe. Nikamfungulia nyuma, akaingia, akalala hapo hapo. Alikuwa hoi. Kwenye taa za barabarani karibu na hospitali nikamfungulia tena, akashuka. Lenka alikuwa mbele anaongea kwenye kipaza sauti, anaeleza habari za lulu za Ohrid zinazouzwa mjini."

"Na tulipokuwa tunavuta kamba pale gatini, ulinyamaza."

"Sikujua kwamba yanahusiana! Naapa! Mimi nilijua nimeongeza mmoja. Kwamba kuna aliyepungua, nilijua hapa hapa kama ninyi, nikafikiri ni mambo mawili tofauti." Akapangusa uso kwa mkono. "Hesabu sikusomea, Afande. Nimesomea usukani."

"Mwanamke huyo anaitwa nani?"

"Menka. Rakitnica yote inamjua. Huwa anasubiri kwenye lango la bluu karibu na kanisa."

Dosta alipiga simu hospitali. Nesi wa wodi ya wazazi akasema Menka yupo, yuko ndani na binti yake, mambo yamefikia pabaya pazuri, na hata rais akija hatamtoa. Akawapigia polisi wa Resen, walio karibu zaidi na Prespa. Wakamwambia trela la matufaha limepinduka barabarani, gari lao limekwama upande wa pili, na Inspekta akija mwenyewe kwa njia ya mlimani atawahi kuliko wao.

Akaichukua chupa ya matone kutoka kwenye mkoba, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. "Lenka! Twende. Wewe ndiye unayemjua kwa sura."

*

Barabara ya Galičica hupanda kwa kona zinazojikunja kama matumbo, na Dosta alikuwa anazikata kwa mwendo ambao angemwandikia faini mtu mwingine. Lenka alikuwa ameshika kishikio cha juu ya mlango. Kisha, bila ya kuombwa, akaanza:

"Kulia kwetu ni Ziwa Ohrid, moja ya maziwa ya kale zaidi barani Ulaya. Ukitazama vizuri utaona mashua za wavuvi…"

"Lenka."

"Samahani. Nikiogopa huwa naongoza."

"Ongoza tu. Inanisaidia kukaa macho."

Lenka akaendelea, sauti ikiimarika kadiri walivyopanda. Akataja misonobari, akataja mbuzi mwitu, akataja wingu linalokaa juu ya kilele kama kofia. Walipofika juu maziwa yote mawili yakafunguka, Ohrid nyuma yao likiwa la buluu iliyoiva, Prespa mbele limetandazwa jepesi lenye ukungu pembezoni, na matufaha yamewekwa marundo marundo mashambani mpaka ukingoni mwa maji. Dosta ameishi miaka yote chini ya mlima huu, lakini alipunguza mwendo kidogo.

"Prespa liko juu kuliko Ohrid," Lenka akasema. "Maji yake yanazama ndani ya mlima, yanapita chini kwa chini humo kwenye mawe, halafu yanaibukia upande wa pili kama chemchemi. Hakuna anayeyaona yakipita."

"Kwa hiyo hata maji yanatumia mlango wa nyuma."

Lenka akacheka, mara yake ya kwanza tangu mchana. Kisha akageuka nyuma kulitazama jua. "Afande, tukimkuta ameanguka mahali? Jua linazama."

"Tutamkuta ameanguka, tutamwinua," Dosta akasema, akakanyaga mafuta. Lakini mkono wake mmoja uliondoka kwenye usukani ukaenda kuhakikisha chupa bado ipo mfukoni.

*

Lango la bluu lilikuwa wazi. Ndani yake kulikuwa na nyumba mbili zilizopeana ubavu. Moja ilikuwa giza na imefungwa, bila shaka ya Menka. Ya pili ilikuwa na moshi, na ua wake wote ulinukia pilipili zilizochomwa. Dirisha la nyuma lilikuwa limefunguliwa kutoa moshi huo, na kutoka ndani zilisikika sauti mbili zikizozana kwa nguvu, hakuna inayomsubiri mwenzake.

Dosta akabisha hodi. Hakuna aliyemsikia. Akabisha tena, kisha akakishika kitasa, akausukuma mlango.

Hewa ikapita ndani ya nyumba yote kwa mara moja, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Pazia likaruka, gazeti likaanguka kutoka mezani, na kutoka karibu na jiko sauti kali ya mwanamke mzee ikapaa:

"Mlango! Funga mlango, wewe! Unataka kutuua na upepo?"

Dosta alikuwa hajawahi kumwona Bibi Vasilka Šurbanoska maishani mwake. Hata hivyo aliegemea fremu ya mlango, akafumba macho, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ni yeye," Lenka akasema nyuma yake, naye analia. "Afande, ni yeye!"

"Mnacheka nini? Fungeni kwanza, mcheke baadaye!"

Wakafunga. Vasilka alikuwa bibi mdogo mkavu, amejifunga aproni ya mtu mnene, kijiko cha mbao mkononi. Kwenye kochi alikuwa amelala mwanamke mwingine, mwenye pua ile ile na nyusi zile zile, mguu mmoja umefungwa plasta mpaka pajani. Kati yao, juu ya kigoda, ilikuwepo chupa ya ajvar, imeshafunguliwa, imeliwa nusu.

Dosta alijitambulisha. Mwanamke wa kwenye kochi akaanza kucheka kwa sababu ya jina, kama kawaida.

"Bibi Vasilka, matone yako," Dosta akasema, akaitoa chupa. "Kabla ya neno lolote."

"Nimeshakunywa."

"Umekunywa ya nani?"

"Ya huyu." Akamwonyesha mwenzake kwa kijiko. "Ristana, dada yangu. Moyo wetu mmoja, mbovu wa mama yetu, na matone yale yale. Tofauti ni kwamba yeye ana chumvi nyingi mwilini, ndiyo maana anasema ajvar yangu haina chumvi."

"Haina," Ristana akasema.

"Imeisha nusu!"

"Nilikuwa naitafuta chumvi ilipo."

Dosta akaketi kwenye kiti cha karibu. Akakirudisha kichupa mfukoni. Alikivusha mlima mzima kifuani, na hakikuhitajika hata tone, na hakuwahi kufurahia kazi ya bure namna hiyo.

Akasimuliwa yote, kwa sauti mbili. Dada hawa walikuwa hawajasemezana tangu kumzika baba yao, kwa sababu ya shamba la matufaha. Vasilka alichagua matembezi yale kwa kuwa basi husimama kwa chakula Rakitnica. Wenzake walipoagiza samaki, alichukua chupa yake, akaacha mkoba, akitaka kuiweka langoni tu na kurudi. Akamkuta Menka, jirani anayemuuguza Ristana tangu alipovunjika mguu, amesimama uani analia: binti yake ameshikwa na uchungu kule Ohrid, na hapa hawezi kumwacha mgonjwa.

"Nikamwambia nenda," Vasilka akasema. "Kiti changu kipo wazi kwenye basi, kikalie. Mimi nitabaki na huyu. Ila umwambie msichana mwenye bendera ya njano ampigie Sotir, na mkoba wangu wautunze. Menka akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Hakuniambia kitu," Lenka akasema.

"Sasa hivi ndiyo amekumbuka! Amepiga simu kusema mtoto amezaliwa, nikamuuliza, yule msichana alisemaje? Kimya. Alilala usingizi njia nzima, mjinga yule, akaamka kwenye taa. Namba ya Sotir mimi siijui kichwani, iko kwenye simu, simu iko kwenye mkoba. Ristana anasema tuwapigie polisi, mimi nikasema polisi watatucheka. Mkaingia ninyi mnacheka!"

"Mtoto gani?" Dosta akauliza.

"Wa kike. Wa nne sasa."

"Mwambieni baba yake asimwite Dosta. Nami nawaombeni."

Ristana alicheka mpaka akaushika mguu wake. Dosta akapiga namba ya Sotir, akampa Vasilka simu. Wote walisikia sauti ya mwanamume ikipasuka upande wa pili. Vasilka aliisogeza simu kutoka sikioni, akaisikiliza kwa mbali mpaka ilipotulia.

"Usilie, mwanangu. Sijambo. Nimekula. Niko kwa mama yako mkubwa… Ndiyo, huyo huyo… Nitakaa mpaka mguu upone… Na yule msichana wa basi usimguse, hana kosa. Nimeshasema."

Lenka aliugeuzia ukuta uso wake. Dosta alimpigapiga begani, kisha akampigia mkuu wa kituo, akamwambia kwa maneno machache kwamba mahabusu leo itabaki na nafasi. Alipomaliza akamgeukia Ristana. Swali lake halikuwa la ripoti, maana ripoti ilikuwa imeshakwisha.

"Miaka yote hiyo hamsemezani. Leo mlianzaje?"

Ristana akainua mabega. "Nimelala hapa hapa. Dirisha liko wazi, namna hii. Mlango ukafunguka, nikamwona amesimama na chupa yake mkononi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hajui aingie, hajui aondoke. Mimi nami sina neno. Kila neno nililokuwa nimeliweka kwa ajili yake lilikuwa baya." Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa amegeuka ghafla kukoroga sufuria. "Basi nikamwambia, funga mlango, kuna upepo."

"Akaufunga?"

"Akaufunga. Akiwa ndani."

Vasilka alikuwa anakoroga sufuria isiyokuwa na kitu. Dosta akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akausukuma kwa kiganja kuona kama umeshika vizuri.